Kidhibiti Kidogo cha Roboti ya Kiwandani: Kukisimika, Kukitunza na Deni la Lugha Yetu

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Miongoni mwa wageni waliobisha hodi katika viwanda vya ulimwengu kwa zaidi ya nusu karne ni roboti, yaani mkono wa chuma unaonyanyua, unaochomelea, unaopaka rangi na kupanga bidhaa usiku na mchana. Mgeni huyu hutarajiwa kuleta heri. Hata hivyo, asipokaribishwa kwa taratibu zake, mwenyeji haponi. Huenda akapoteza kidole, mkono au uhai wenyewe. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi ya kusimika na kutunza kisanduku kinachouongoza mkono huo, ambacho tutakiita kidhibiti.

Yamkini msomaji atajiuliza: mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika mambo ya mota na nyaya? Jibu lake si gumu. Kwa miaka mingi tumekariri katika makongamano yetu kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi na teknolojia. Kauli hiyo haithibitishwi kwa kukaririwa. Itathibitishwa siku tutakapokitwika Kiswahili mzigo wenyewe na kuona kama shingo itahimili. Isitoshe, maagizo ya mashine ni matini ya aina yake. Kosa la insha huishia kwenye wino mwekundu wa mhadhiri. Kosa la maagizo ya mashine huishia kwenye mwili wa mtu.

Ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano mmoja: kidhibiti kiitwacho IRC5 Compact cha kampuni ya ABB. Familia ya IRC5 ilizinduliwa mwaka 2004. Ingawa kampuni hiyo ilileta familia mpya ya OmniCore mwaka 2018, kanuni tutakazozieleza hazijapitwa na wakati, kwani zinatumika kwa vidhibiti vingi vidogo, hata vya makampuni mengine.

Neno na kitu

Wanafasihi wana haki ya kujivunia kwamba neno roboti lilizaliwa jukwaani kabla ya kuingia kiwandani. Lilitumiwa kwanza na mwandishi Mcheki, Karel Čapek, katika tamthilia yake R.U.R. iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa jijini Prague mwaka 1921. Čapek mwenyewe alieleza kwamba aliyempendekezea neno hilo ni nduguye, Josef. Mzizi wake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile waliyofanyishwa wakulima na mabwana wa ardhi. Katika tamthilia hiyo, roboti huwaasi wanadamu waliowaunda.

Roboti ya kiwandani ilifika baadaye. Mwaka 1961 mashine iliyoitwa Unimate ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikishika vipande vya chuma vya moto ambavyo mkono wa binadamu haungeweza kuvistahimili. Mwaka 1974 kampuni ya ASEA ya Uswidi, ambayo mwaka 1988 iliungana na kampuni ya Uswisi kuunda ABB, ilitoa roboti ya IRB 6. Hiyo iliendeshwa kwa umeme mtupu na kuongozwa na kichakataji kidogo cha Intel 8008. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'arisha mabomba ya chuma.

Tuje sasa kwenye neno letu. Kutokana na kitenzi dhibiti tunapata mdhibiti, kidhibiti na udhibiti. Kiambishi cha ngeli kinatuambia papo hapo kama tunamzungumzia mtu, kifaa au tendo. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu na kwa kifaa. Hapa basi Kiswahili hakiombi msamaha; kinaingia karakanani kikiwa na zana ambayo lugha nyingine haina.

Maumbile ya kidhibiti

Kabati la kawaida la IRC5 huwa na uzito wa takriban kilo 150 na husimama sakafuni kama kabati la nguo. Kidhibiti kidogo kina uzito usiofika kilo 30, na huweza kukaa juu ya meza au ndani ya rafu. Mara nyingi huunganishwa na roboti ndogo kama vile IRB 120 ya mwaka 2009, ambayo ina uzito wa kilo 25, hubeba hadi kilo 3 na hufika umbali wa milimita 580. Licha ya udogo wake, kisanduku hiki kina viungo vyote muhimu.

Kwanza, kuna tarakilishi kuu inayohifadhi programu na kukokotoa njia ambayo mkono utapitia. Pili, kuna kiendeshi. Hiki hupokea umeme wa kawaida, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huukatakata na kuupeleka kwa kila mota kwa kasi na nguvu inayotakikana. Tatu, kuna kadi ya usalama ambayo huamua kama mota ziruhusiwe kupata umeme au la. Nne, kuna milango ya mawasiliano ambapo kidhibiti hupokea na kutoa ishara za volti 24. Kadi ya kawaida huwa na milango 16 ya kuingizia na 16 ya kutolea. Kwa milango hiyo kidhibiti huambiwa kwamba chupa imefika, nacho huuamuru mshiko ufunge. Tano, kuna feni. Mkono unapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kisandukuni, na umeme huo huishia kuwa joto ambalo sharti liondolewe.

Nje ya kisanduku kuna kibao cha kufundishia, yaani skrini yenye usukani mdogo ambayo mwendeshaji huishika mkononi. Jina hili limepata maana yake kutokana na kazi yenyewe: mwendeshaji huupeleka mkono hadi mahali anapotaka, huuambia "kumbuka hapa", kisha husonga hadi mahali pengine. Hayo ni mafunzo, na roboti ni mwanafunzi asiyesahau wala kuelewa.

Mkono wenyewe una mihimili sita. Mitatu ya kwanza, kwa jumla, hupeleka kifundo mahali panapohitajika. Mitatu ya mwisho hukigeuza kielekee upande unaotakikana. Kila mhimili una mota yake, breki yake na kipima pembe chake.

Kusimika: mahali na umeme

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Kidhibiti hiki kina kiwango cha kinga cha IP20. Tarakimu ya kwanza, 2, humaanisha kwamba kitu kinene kama kidole hakiwezi kupenya ndani. Tarakimu ya pili, 0, humaanisha kwamba hakina kinga yoyote dhidi ya maji. Kwa hiyo kisiwekwe karibu na mfereji, wala mahali panaporuka vumbi la saruji, unga au chembe za chuma. Chembe za chuma ni hatari zaidi kwa kuwa hupitisha umeme. Panapokuwa na vumbi, kidhibiti kitiwe ndani ya kabati lenye kichujio cha hewa.

Aidha, kipewe nafasi ya kupumua: angalau milimita 50 kushoto na kulia, na 100 upande wa nyuma. Nyaya zisilazwe juu ya matundu ya feni. Halijoto ya mahali hapo isipite nyuzi 45. Kidhibiti kilichobanwa ukutani katika chumba kisicho na dirisha kitajipika chenyewe hata kama nje kuna baridi ya Limuru.

Hatua ya pili ni umeme. Kidhibiti kidogo hutumia umeme wa fezi moja, wa volti 220 hadi 230, na hii ndiyo fadhila yake kuu kwa karakana zetu, kwani majengo mengi ya vyuo hayana fezi tatu. Huvumilia ongezeko la asilimia 10 na upungufu wa asilimia 15. Tukipiga hesabu kwa volti 230, kikomo cha juu ni volti 253 na cha chini ni takriban 195. Umeme wetu nchini Kenya, ambao hukadiriwa kuwa volti 240, umo ndani ya mipaka hiyo. Tatizo letu huwa si kadirio bali mabadiliko: stima hupungua jioni, hukatika na kurudi kwa kishindo. Katika maeneo kama Kisii na Kakamega, ambako radi si mgeni, kinga dhidi ya mshtuko wa umeme si anasa. Waya wa kupeleka umeme ardhini nao upimwe na fundi stima aliyehitimu kabla ya kidhibiti kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Hatua ya tatu ni kebo. Kebo mbili kubwa hutoka kidhibitini hadi kwenye mkono. Ya kwanza hupeleka nguvu kwa mota. Ya pili hurudisha habari za pembe za mihimili. Msomaji aione ya kwanza kama mshipa wa damu na ya pili kama mshipa wa fahamu. Zisikunjwe kwa pembe kali, zisikanyagwe na toroli, na kamwe zisichomolewe wakati kidhibiti kimewashwa. Nyaya za ishara zitenganishwe na nyaya za nguvu, kwa maana jirani mwenye kelele humzuia mwenzake kusikia.

Mnyororo wa usalama

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mwaka 1942 mwandishi Isaac Asimov alichapisha hadithi fupi "Runaround", ambamo alitaja sheria tatu zinazoizuia roboti kumdhuru binadamu. Wasomaji wengi hudhani kwamba roboti halisi huundwa zikiwa na sheria kama hizo akilini. Sivyo. Roboti ya kawaida ya kiwandani haijui kwamba binadamu yupo. Kichwa cha mtu kikiwa katika njia yake, kwake hicho si kichwa; ni mahali tu inapopitia. Sheria zake zimo katika nyaya ambazo mtu amezifunga au amesahau kuzifunga.

Nyaya hizo ndizo mnyororo wa usalama. Kila kitufe chekundu cha kusimamisha kwa dharura, na kila mlango wa uzio unaoizunguka roboti, ni pingili moja ya mnyororo huo. Pingili moja ikifunguka, umeme wa mota hukatwa na breki hushika. Mnyororo huwa na njia mbili sambamba, na kidhibiti huzilinganisha. Zikitofautiana, kwa mfano waya mmoja ukikatika au swichi moja ikiganda, kidhibiti hukataa kuendelea. Ni kama kadhi asiyetosheka na shahidi mmoja: ushahidi usipoafikiana, hatoi idhini.

Sasa, msomaji asikilize kwa makini. Kidhibiti kipya huja kikiwa na vipande vifupi vya waya vinavyounganisha ncha za mnyororo, ili kiweze kujaribiwa kabla ya uzio kujengwa. Vipande hivyo humwambia kidhibiti kwamba milango yote imefungwa, hata kama hakuna mlango wala uzio. Anayesimika hana budi kuviondoa na kuunganisha swichi halisi mahali pake. Akivisahau, roboti itafanya kazi vizuri mno. Itafanya kazi vizuri siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, hata mwaka wa kwanza, mpaka siku ambayo mtu atafungua mlango akiamini kwamba roboti itasimama. Kwa sababu hii kila pingili ijaribiwe moja baada ya nyingine: fungua mlango, tazama mota zikizimika, funga, washa tena, bonyeza kitufe, tazama. Kufanya kazi kwa roboti si ushahidi wa usalama wake.

Kuna kinga nyingine iliyo katika kibao cha kufundishia, nayo ni swichi ya idhini. Mwendeshaji anapokuwa ndani ya uzio akiifundisha roboti, sharti aishike swichi hii kwa vidole wakati wote. Swichi ina hali tatu. Ikiachiliwa, mota huzimika. Ikibanwa hadi katikati, mota huwaka. Ikibanwa kwa nguvu hadi mwisho, mota huzimika tena. Hekima yake ni ya kiutu kuliko ya kiufundi: mtu anaposhtuka, wengine huachilia wanachokishika na wengine hukikaza kwa hofu. Aliyebuni swichi hii aliwazingatia wote wawili. Zaidi ya hayo, katika hali ya mkono, mwendo wa roboti huzuiwa usizidi milimita 250 kwa sekunde, ili mtu apate nafasi ya kukwepa. Anayeifunga swichi ya idhini kwa utepe ili asichoke vidole ameiondoa kinga hiyo yote kwa senti chache.

Suala la mwisho ni breki. Kuna kitufe cha kuziachilia, ambacho hutumika kumkomboa mtu aliyebanwa au kuusogeza mkono uliokwama. Kwenye roboti ndogo kama IRB 120, kitufe hicho huachilia breki za mihimili yote kwa mpigo. Mkono hupoteza nguvu na kuanguka kwa uzito wake. Basi ushikiliwe kwanza, ndipo kitufe kibonyezwe. Asiyezingatia mpangilio huo huenda akamwangushia mtu mkono aliokuwa akimwokoa nao.

Kuijulisha roboti mwili wake

Baada ya usalama, roboti hufundishwa kuujua mwili wake. Kipima pembe cha kila mota hujua mota iko wapi ndani ya mzunguko mmoja, mithili ya akrabu ya dakika isiyo na akrabu ya saa. Ili kujua ni mzunguko wa ngapi, kuna kadi ya kumbukumbu ndani ya mkono inayohesabu mizunguko, na betri huilinda kumbukumbu hiyo umeme unapozimwa. Kumbukumbu ikipotea, mwendeshaji huupeleka kila mhimili polepole hadi alama mbili zilizochorwa kwenye mwili wa roboti zikabiliane, kisha huamuru hesabu ianzwe upya. Alama zikikosa kukabiliana barabara, hesabu huweza kukosea mzunguko mzima wa mota, na mkono utakwenda mahali pasipokusudiwa.

Pili, roboti huelezwa ncha ya kifaa chake iko wapi. Bila kuambiwa, huchukulia kwamba ncha iko kwenye kifundo chake. Njia ya kawaida ni kuchukua kitu chenye ncha kali, kukisimamisha imara, kisha kukigusisha na ncha ya kifaa kutoka pande zisizopungua nne. Kidhibiti hukokotoa mahali pa ncha na kutaja wastani wa kosa. Kosa likiwa kubwa, kazi irudiwe.

Tatu, roboti huelezwa uzito wa mzigo na mahali pa kitovu chake. Roboti iliyodanganywa kwamba inabeba kilo moja ilhali inabeba tatu itatetemeka, itachakaza gia zake na kupiga mayowe ya mgongano ambao haukutokea. Mzigo usiosemwa ni mzigo mara mbili.

Nne, programu mpya ijaribiwe hatua kwa hatua katika hali ya mkono, na mwendo uongezwe kidogo kidogo. Harakaharaka haina baraka, na methali hii karakanani si pambo.

Utunzaji

Wengi hudhani kwamba kidhibiti, kwa kuwa hakina gurudumu wala mkanda, hakihitaji kutunzwa. Kwa hakika kina maadui wanne: vumbi, joto, umeme usiotulia na usahaulifu.

Kila siku, kabla ya kazi, mwendeshaji atazame kebo, asikilize sauti ya feni na kuhakikisha kwamba skrini ya kibao haina ufa. Vitufe vya dharura navyo vijaribiwe kwa ratiba maalumu, kwa maana kitufe ambacho hakijabonyezwa kwa mwaka mzima ni matumaini tu. Angalau mara moja kwa mwaka, kisanduku kikaguliwe ndani: vumbi lifyonzwe kwa mashine ya kufyonza, viunganishi vikazwe, feni isafishwe. Hewa ya shinikizo isitumike, kwani husukuma vumbi ndani zaidi badala ya kulitoa. Kabla ya kufungua, umeme ukatwe ukutani na plagi ichomolewe. Kuzima swichi ya kidhibiti pekee huacha umeme kwenye nyaya zinazoingia swichini. Hata baada ya hapo, vihifadhi chaji vya ndani hubaki na umeme kwa muda, hivyo fundi angoje muda uliotajwa katika maagizo. Avae pia mkanda wa kifundo uliounganishwa na ardhi, kwa sababu cheche ndogo ya mwili, isiyohisiwa na ngozi, hutosha kuua kadi.

Kuhusu betri ya kumbukumbu, kuna jambo la kushangaza. Betri hiyo hutumika tu kidhibiti kinapokuwa kimezimwa. Kikizimwa siku mbili tu kwa wiki, betri hudumu takriban miezi 36. Kikizimwa saa 16 kila siku, hudumu takriban miezi 18. Kwa hiyo chuo kinachozima mtambo kwa miezi ya likizo kwa nia njema ya kuokoa stima kinapaswa kutarajia betri kwisha mapema. Ujumbe wa onyo unapoonekana, umeme usizimwe ovyo. Roboti ipelekwe kwanza kwenye alama zake, ndipo izimwe, betri ibadilishwe, na hesabu ya mizunguko ianzwe upya. Agizo hili ni la mfuatano, na mfuatano wake ndio uhai wake.

Mwisho, kila mabadiliko yanapofanywa, nakala ya akiba itengenezwe. Nakala hiyo hubeba programu pamoja na vigezo vya mfumo. Iwekwe kwenye kihifadhi kinachochomekwa, na nyingine iwekwe jengo jingine. Nakala iliyo ndani ya kidhibiti kilichoungua imeungua pamoja nacho. Na pawe na daftari la matengenezo, ambamo kila onyo huandikwa pamoja na nambari yake, tarehe na hatua iliyochukuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini asiyeandika nyufa hatajua ni ufa upi uliouangusha ukuta.

Deni la lugha

Tumefika sasa nyumbani kwetu. Katika kueleza hayo yote, masuala matatu ya lugha yamejitokeza, na yote yana uzito.

La kwanza ni ngeli. Je, tuseme roboti amesimama au roboti imesimama? Katika hadithi, mwandishi ana uhuru wake, na roboti za Čapek bila shaka ni wahusika. Katika maagizo ya mashine, mwandishi wa makala haya anashikilia ngeli ya I-ZI. Upatanisho wa A-WA hubeba dokezo la uhai na utambuzi. Mwendeshaji anayeambiwa kwamba roboti "ameona" mtu huenda akaamini kwamba ataonwa. Upatanisho wa I-ZI humkumbusha kwamba mbele yake hakuna jicho. Ni kweli kwamba tulianza kwa kumwita mgeni huyu. Huo ulikuwa usemi wa kitamathali, nao mahali pake ni utangulizi, si ukutani mwa karakana.

La pili ni vitenzi vya kukomesha. Mafundi husema "zima" kwa mambo mengi: kusitisha programu, kukata umeme wa mota, kuzima kidhibiti, kuchomoa plagi. Hizi ni hali nne tofauti, na mtu anaweza kuingia ndani ya uzio akidhani yuko katika ya nne ilhali yuko katika ya kwanza, ambapo ishara moja tu inatosha kuuamsha mkono. Napendekeza tutumie sitisha kwa programu, kata kwa umeme wa mota, zima kwa kidhibiti na chomoa kwa plagi, kisha tusichanganye. Hatuhitaji kuunda neno jipya hata moja. Tunahitaji kuyapangia kazi tuliyo nayo.

La tatu ni ukanushi. Maagizo ya Kiingereza hutofautisha kwa uangalifu kisichoruhusiwa na kisichohitajika. Kiswahili nacho kina usifungue, huruhusiwi kufungua, huna haja ya kufungua na si lazima ufungue. Mfasiri mzembe huandika "hufai kufungua", na msomaji hubaki njia panda: anakatazwa, anashauriwa, au anaambiwa kwamba yeye si mtu wa kufaa? Mahali penye hatari pana muundo mmoja tu unaokubalika, nao ni usi- ukifuatwa na sababu kwa sentensi fupi: "Usifungue. Ndani kuna umeme unaoua."

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikuwa imetoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Misingi basi ipo. Kilichopungua ni watu wa lugha kuvuka ua na kwenda kwenye majengo ya uhandisi, wakiwa na daftari na masikio, kabla ya kwenda na orodha za istilahi.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Tuandae ukurasa mmoja wa maonyo ya karakana kwa Kiswahili, wenye sentensi zisizozidi ishirini. Tumpe fundi ambaye hakusomea lugha, tumwombe aseme kwa maneno yake kile alichoelewa katika kila sentensi. Pale atakapoelewa tofauti na tulivyokusudia, tuandike upya, kisha tumrudie. Ukurasa huo ukishapita mikononi mwa mafundi kumi, ubandikwe ukutani, kwenye kimo cha macho, kando ya kitufe chekundu.